Sauti ya Upande wa Pili wa Ukuta

Kwa miaka tisa niliimba nyimbo za watu wengine, hotelini wikiendi, harusini siku nyingine. Kazi ile ilinilisha, siidharau. Ila kila usiku tulipomaliza seti ya mwisho, wenzangu wakianza kukunja nyaya, nilijiona kama mtu aliyeshinda akipokea wageni wa jirani. Nikaaga. Nikawaambia natoka nikatengeneze albamu yangu mwenyewe. Mpiga besi wetu, mtu wa maneno machache, akauliza: "Ya aina gani?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba itakuwa muziki wa majaribio, na itasema ukweli kuhusu jamii. Akanitazama kidogo, akaendelea na waya wake.

Miezi sita baadaye nilikuwa na nyimbo kumi na moja, na hakuna hata mmoja niliotamani kuusikiliza mara mbili.

Tatizo la kwanza lilikuwa hayo majaribio. Kwangu mimi kujaribu kulimaanisha kuongeza. Mlio wa mashine ya kusaga, honi ya treni iliyogeuzwa ikasikika kinyumenyume, marimba, vinanda vitatu vya kompyuta, sauti yangu imepangwa juu ya sauti yangu mara nane. Tatizo la pili lilikuwa huo ukweli. Niliandika kuhusu rushwa, kuhusu ardhi, kuhusu wasichana wa kazi za ndani, na nyimbo zote zilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake: mimi, nimepanda juu ya kiti, nanyoosha kidole.

Nilizipeleka kwa fundi mitambo mmoja ninayemheshimu. Alisikiliza tatu, akavua spika za masikioni, akazilaza mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Dada," akasema, "hapa kila kitu kinapiga kelele kwa pamoja. Halafu sijaelewa, unamgombeza nani?"

Nilikasirika. Nikajifariji kwamba hana sikio la sanaa. Kabla sijatoka akanipa flashi yenye albamu moja, akanisihi niisikilize kuanzia wimbo wa kwanza, nisiruke.

Nikaruka.

Ilikuwa albamu ya tatu ya Peter Gabriel, ya mwaka 1980. Huyu Mwingereza alikuwa mwimbaji wa bendi ya Genesis, akaiacha 1975 na kuanza kazi zake binafsi. Albamu zake za mwanzo hakuzipa majina. Kila moja iliitwa Peter Gabriel tu, kama toleo jingine la gazeti lilelile. Hii ya tatu mashabiki waliibandika jina la Melt, kwa sababu kwenye kava upande mmoja wa uso wake umeyeyuka kama mshumaa. Picha ilipigwa kwa kamera ya Polaroid, rangi zikavurugwa kabla hazijakauka. Ina nyimbo kumi. Mimi nilikimbilia wa kumi, kwa kuwa jina lake nilikuwa nalijua: Biko.

Unaanza na sauti za waombolezaji wakiimba, kisha inaingia ngoma nzito isiyo na haraka. Nilikuwa nasubiri hasira. Mtu anaimba kuhusu Steve Biko, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi, aliyekamatwa Agosti 1977, akapigwa na polisi wa usalama Port Elizabeth hadi ubongo ukaumia, akasafirishwa uchi nyuma ya Land Rover zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Pretoria, akafa tarehe 12 Septemba kabla hajatimiza miaka 31. Waziri wa serikali ya makaburu akatangaza kwamba marehemu alikuwa amegoma kula. Kwa jambo kama hilo mimi ningepanda viti viwili.

Gabriel anaanza kama msomaji wa taarifa ya habari. Anataja mwezi na mwaka. Anataja mji. Anasema hali ya hewa ni nzuri. Anataja chumba cha polisi namba 619, na kwamba humo mambo yanaendelea kama kawaida. Basi. Hakuna neno "katili", hakuna "unyama". Hiyo hali ya hewa nzuri ndiyo iliyonipiga kifuani, maana ni kweli: siku mtu anauawa jua huwa linawaka vilevile, na kuna mtu mahali fulani anaanika nguo.

Kisha kikaja kiitikio, na hapo mimi na Uswahili wangu tukapotea njia. Anaimba *Yihla moja*. Nikasikia "moja". Hata ilivyoandikwa ni hivyohivyo, moja. Nikakaa na hiyo moja yangu siku tatu, nikiitungia maana: wamemwua mmoja, tumebaki wamoja, mambo ya namna hiyo, nikataka hata kuiiba. Kumbe ni Kixhosa, *yihla moya*, shuka ewe roho. *Moya* ni upepo, ni pumzi, ni roho. Kwa sikio langu linakaribiana na moyo wetu. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilijiona: nilikuwa tayari nimeshaweka maana yangu kinywani mwa watu waliokuwa wanazika mtu wao. Siku tatu tu zilinitosha.

Baada ya hapo ndipo nikamtii fundi. Nikarudi mwanzo.

Wimbo wa kwanza sikuupenda, na mpaka leo sijui kama kuupenda ndiyo kazi yake. Ni sauti ya mwizi anayeingia nyumbani kwa watu usiku, na anafurahia. Ngoma zake hazifanani na ngoma nilizowahi kusikia: kila pigo linalipuka kubwa kama limepigwa ndani ya pango, kisha linakatwa ghafla, mwangwi haupewi nafasi ya kufa wenyewe. Anayepiga ni Phil Collins, mwenzake wa zamani wa Genesis, na mdundo ule mwaka uliofuata aliutumia kwenye wimbo wake mwenyewe, dunia nzima ikaujua.

Fundi alinieleza ulivyopatikana, na hadithi hii naipenda kuliko nyimbo kadhaa za albamu yenyewe. Kwenye studio ya Townhouse, London, meza ya mitambo ilikuwa na maikrofoni ya kuning'inia ambayo si ya kurekodia. Ni ya mazungumzo tu, fundi aliye nyuma ya kioo apate kumsikia mpigaji anasema nini. Kwa kuwa mtu anaweza kunong'ona au kupiga kelele, maikrofoni ile ilibanwa kwa kompresa kali, kifaa kinachoinua sauti ndogo na kushusha sauti kubwa. Siku moja Collins akawa anapiga ngoma huku swichi ile imewashwa. Hugh Padgham, fundi wa albamu, akasikia ngoma zimegeuka majitu. Wakaongeza geti la sauti, kile kifaa kinachofunga mlango sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, na mkia wa mwangwi ukakatwa kama kwa kisu. Gabriel akaona huo ndio msingi wa kujengea wimbo mzima.

Lakini isingewezekana bila jambo jingine lililotangulia. Gabriel alikuwa amewakataza wapiga ngoma wake wote wawili, Collins na Jerry Marotta, wasiguse matoazi, zile sahani za chuma zinazopigwa. Albamu nzima. Mpiga drams mwambie asiguse matoazi uone. Ni kama kumwambia mzungumzaji asitumie mikono. Kwa wiki kadhaa anaunyoosha mkono unakutana na hewa. Ila matoazi yanajaza anga lote la juu la muziki kwa ule mchakacho wao, chaa, chaa, na ukiyaondoa panabaki uwanja mtupu ambao lazima ufikirie utaweka nini. Na lile pigo la pango lisingekatwa vizuri kama kungekuwa na toazi linaendelea kulia juu yake.

Nilirudi kwenye nyimbo zangu kumi na moja na kisu mkononi. Treni ikaenda. Mashine ya kusaga ikaenda, kwa uchungu, maana niliamka alfajiri kuirekodi. Matoazi yote yakaenda, nikafuata mkumbo kabisa bila aibu. Kwa wiki mbili za kwanza nyimbo zilisikika kama nyumba iliyohamwa. Tatu nilizifuta moja kwa moja kwa kuwa baada ya kuondoa mapambo hapakuwa na mtu ndani. Zikabaki nane. Sauti yangu, badala ya mara nane, nikaiacha moja. Jambo hilo lilinitisha kuliko yote. Ukiwa na sauti nane hakuna anayesikia unapodanganya.

Halafu nikaanza kusikia ninachosema, na kilikuwa kibovu.

Hapa albamu ile ilinifundisha kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa kazi inayosifiwa kwa dhamiri yake. Nyimbo nyingi kabla ya Biko haziko upande wa watu wema. Mwizi anasema mwenyewe. Mtu asiyeweza kujizuia anasema mwenyewe. Kuna wimbo ambao mwimbaji ni muuaji anayesubiri msafara wa mwanasiasa upite. Gabriel aliujenga kutokana na shajara ya Arthur Bremer, kijana wa Kimarekani aliyempiga risasi mgombea urais George Wallace mwaka 1972, na mwishoni muuaji anayeyuka anakuwa mtoto mpweke nyumbani anayetaka tu kuangaliwa. Kuna mwingine unaimba kwa sauti ya kundi linalomwambia mgeni kwamba si mwenzetu. Unapofika Biko umeshatembea ndani ya vichwa vingi vinavyotisha, na vingine vimefanana na chako. Chumba namba 619 hakikujengwa na majini.

Lebo ya Atlantic iliyotarajiwa kuitoa Marekani iliikataa. Ikatolewa na Mercury. Uingereza ilifika namba moja. Afrika Kusini wimbo wa Biko ulipigwa marufuku, ambayo nadhani ni tuzo kubwa kuliko hiyo namba moja.

Sasa nirudi kwangu.

Nina binti anayenisaidia kazi za nyumbani. Mimi namwita mdogo wangu, yeye ananiita dada, na kwa miaka miwili niliamini kwamba maneno hayo mawili yanatosha kuwa undugu. Usiku nikirekodi chumbani, yeye yuko upande wa pili wa ukuta anambembeleza mwanangu. Wimbo wangu kuhusu wasichana wa kazi za ndani, ule wa kuwagombeza mabosi wenye mioyo ya mawe, niliurekodi kati ya saa nne na saa saba usiku. Yeye alikuwa macho muda wote huo. Aliamka saa kumi na moja kuchemsha uji. Sikukiona kichekesho hicho hata kidogo. Nilikuwa nashughulika na kiitikio.

Nikasema niandike upya kwa mtindo wa yule Mwingereza: niingie ndani ya kichwa cha bosi. Nimpe yeye kipaza sauti. Mwanamke anayehesabu vijiko vya sukari. Anayeficha ufunguo wa kabati halafu anasahau alikouficha. Anayewaambia wageni "huyu ni kama ndugu yangu tu" huku ndugu mwenyewe amesimama na trei. Mistari ilikuja haraka mno. Ubeti wa kwanza dakika kumi, wa pili vivyo hivyo. Kwenye wa tatu niliandika "kwani hapa hulali, huli?" nikaipenda, nikaiimba mara mbili kuionja, na ndipo nikakumbuka nilikoisikia. Niliisema mimi. Mwezi uliotangulia, alipoomba ruhusa ya kwenda kwao siku nne na kuuliza kuhusu mshahara uliochelewa. Nilisema hivyo nikiwa na kalamu mkononi, naandika wimbo kuhusu haki.

Sikuulilia. Nilifanya jambo baya zaidi, niliendelea kuandika, kwa sababu wimbo ulikuwa umekuwa mzuri. Waimbaji tuko hivyo, na asikwambie mtu.

Nilipompelekea fundi rekodi ile alinipigia simu usiku. "Kuna mtu anaimba humo ndani," akasema. Nikamwambia ni mimi. "Siyo wewe. Nyuma yako. Ongeza sauti uone." Nilikuwa nimeacha maikrofoni wazi kati ya ubeti wa pili na wa tatu, nikinywa maji, na kupitia ukutani ilikuwa imenasa sauti ya binti anamlaza mtoto. Wimbo mfupi, sauti ya chini, unapanda ngazi mbili na kushuka tatu. Fundi alikuwa kama amepagawa. Akaubana kwa kompresa, akauwekea geti, ukawa unaingia ghafla mkubwa, karibu, pumzi zinasikika, kisha unakatwa. Mwanamke anahesabu vijiko, kimya, halafu ukuta unaimba. Niliposikia nywele zilisimama. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote kwenye albamu, na halikuwa langu.

"Hii ndiyo ile maikrofoni yako ya Townhouse," akasema. "Usiiguse."

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kumwomba ruhusa siku hiyohiyo. Nilikaa nayo siku tisa. Nilijipa sababu: haelewi mambo haya, atafurahi tu, hata kwenye Biko wamo waombolezaji. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigeukia. Albamu inafungwa na *Senzeni na?*, tumefanya nini, wimbo ulioimbwa kwenye mazishi ya Biko. Wale watu walikuwa wanamzika mtu wao, hawakuwa wanaimbia santuri. Inafanya kazi, inanitoa machozi kila mara, na bado kila nikiisikia sasa naona kaburi wazi na vumbi la viatu, na mimi niko mbali nimekaa kwenye kiti kizuri. Gabriel hakuwahi kukutana na Biko. Mimi mtu wangu alikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa nimekaa. Sikuwa na kisingizio cha umbali.

Nikamwita. Nikamvisha spika za masikioni. Alipojisikia alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaacha kucheka.

"Kumbe huwa mnanirekodi?"

Nikamweleza kuhusu maikrofoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza wimbo wenyewe unasemaje, maana alikuwa amesikia kipande chake tu. Nimeimba mbele ya mawaziri, nimeimba umeme umekatika na bwana harusi amelewa, lakini sijawahi kuimba kwa shida kama nilivyoimba pale, mbele ya mtu mmoja aliyeshika mwiko. Niliimba beti zote. Vijiko. Ufunguo. Nilipofika ubeti wa tatu nilitazama dirishani.

Alinyamaza. Nikaanza kusema kwamba ni mhusika tu, ni sanaa, akanikatiza kwa upole.

"Dada, huo wimbo ni wako, uimbe. Ila hiyo sauti yangu uitoe. Bibi yangu ndiye alikuwa ananilazia nao, na sikuwa naimba ili watu wasikie." Akageuka kurudi jikoni, akasita mlangoni. "Na kama unataka tuzungumze hayo ya ubeti wa tatu, mimi niko tayari. Hata leo."

Tulizungumza siku hiyo, mezani, tukiwa na kalenda. Tukapanga tarehe ya mshahara isiyotegemea harusi zangu, Jumapili nzima iwe yake, na safari ya kwao ambayo haiombwi bali inapangwa. Haikuwa sherehe. Kwenye suala la fedha nilijikunja kunja, na yeye aliniona nikijikunja.

Fundi alinung'unika wiki nzima nilipomwambia aifute. Alipendekeza tumtafute mtu aimbe kitu kinachofanana. Nikakataa hilo nalo. Mwishowe tuliacha pale pale palipokuwa na sauti yake mapigo kumi na sita matupu: geti linafunguka, unasikia chumba tu, glasi ya maji inagusa meza, geti linafunga. Mpiga besi wangu wa zamani alipousikia wimbo alidhani faili limeharibika. Nilipomwambia ni makusudi akauliza kwa nini, nikamwambia ni hadithi ndefu, na yeye si mtu wa hadithi ndefu, akaridhika.

Jumapili sasa sirekodi. Binti anaondoka asubuhi, nabaki na mtoto, na saa mbili usiku anaanza kulia akiutaka ule wimbo. Najaribu. Najua unapanda ngazi mbili na kushuka tatu, lakini zile za kushuka sizipati, na rekodi tulishaifuta.